Mpaka Mtu Aseme Ng'ombe

Tito, mtoto wa jirani, huyu bado anavaa kiatu cha kushoto kwa mguu wa kulia, alipita kwa geti yangu siku ya pili ya mwaka mpya. Akasimama. Akaangalia mchoro wangu kutoka juu mpaka chini kama mtu wa serikali. Akasema, "Mbwa." Akaenda zake.

Kesho yake akapita mama wa sukuma wiki na gunia lake kichwani, akasema, "Punda huyu hajalishwa." Kesho tena, kijana wa bodaboda akamwambia abiria wake, "Si hiyo ni kiti?" Kiti kina miguu minne pia, kwa hivyo sikubishana.

Ni ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya geti, kwa kile kiti changu cha kamba, ninasikia yote. Hiyo ndiyo kazi yangu ya Januari. Ninachora kwa geti na makaa, halafu ninanyamaza nisikie watu watasema ni nini.

Sasa nyinyi vijana. Chela, mjukuu wangu, na wenzake wa kikundi cha kuchora, wale wanakutana Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa hapa Kiplombe, wamekuja wakaniambia, "Kogo, tuongelee mambo ya goals za mwaka, za kuchora." Nikauliza mnacheza na timu gani. Chela akanielezea. Kumbe ni malengo. Basi ameshika simu hapa ananirekodi, ataandika, mtasoma. Mimi shule niliingia siku moja tu, na nilikuwa nafuata mbuzi. Mkiona neno limeandikwa vibaya, hilo ni la Chela.

Ambao hamnijui, mimi ni Rebeka; hilo Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin. Kuta za Eldoret nimezichora mpaka nikazeeka. Bucha, kinyozi, posho mill ya kusaga unga, duka la dawa ya mifugo. Ukiona ng'ombe kwa ukuta amesimama vizuri, ni mimi. Ukiona amesimama vibaya, ni mtu mwingine. Herufi sikuandika, hizo zilikuwa za Fundi Mwaura, bosi wangu. Mimi nilikuwa wa wanyama, na vichwa vya kinyozi wakati wanyama wamekosa.

Kazi iliisha vile mabango ya plastiki yalikuja. Hakuna mtu alinifuta. Ni kuta tu ziliacha kuniita.

Halafu mwaka jana mkono wangu wa kulia uliamka asubuhi moja ukakataa kazi. Daktari akasema ni stroke, lakini ndogo. Nikamshukuru kwa kuchagua ndogo. Wakanipatia kijana wa mazoezi, kijana mzuri, anaongea na mimi kama anaongea na yai. "Kogoo, finya mpiraa. Kogoo, achiliaa. Very goood." Nikamuuliza, huu mpira ukishafinywa sana unakuwa nini? Akasema unabaki mpira. Ninaufinya bado, ili asisikie vibaya. Lakini mkono wangu haujui mpira. Mkono wangu unajua ng'ombe.

Kwa hivyo lengo langu la mwaka huu ni moja. Nataka mkono wangu. Na nitajua umerudi siku mtu atapita hapo nje, mtu ambaye hajaambiwa chochote, aseme "ng'ombe".

Sasa tuongee yenu.

Brayo, wewe kinyozi, usijifiche nyuma ya Chela. Mwaka jana ulisimama hapa kwa hii nyumba ukasema hivi, na ukinyoosha mikono hivi: "Kogo, this year ni serious. Kila siku mchoro. No excuses. Watu, magari, mijengo, nyuso, kila kitu. Nitakuwa napost." Nikasema sawa. Siku ya kwanza ukapost penseli. Siku ya pili ukapost penseli imechongwa. Siku ya tatu ukapost ati umechoka lakini hutakata tamaa. Baada ya hapo sijui, labda ulipost ukiwa umelala.

Na Chela wangu, amenunua kitabu cha kuchora cha gamba gumu. Karatasi nzito kama chapati ya hoteli. Amekiweka juu ya kabati, ukurasa wa kwanza mweupe pe. Nikimwuliza anasema, "Kogo, nangoja nipate idea nzuri, sitaki kuharibu page ya kwanza." Hiyo ni Januari ya mwaka gani, Chela? Usizime simu. Endelea kurekodi.

Mnaona, nyinyi mnaweka malengo kama mtu mwenye njaa anaingia sokoni. Anabeba viazi, ndizi, kabichi, kuku mzima, anafika kwa kona vitu vinaanguka, anarudi nyumbani na kitunguu.

Fundi Mwaura hangekubali. Huyo mzee alitoka Murang'a akaja hapa na koti moja na brashi mbili, nzuri na mbaya. Alikuwa mwembamba, mkali, na hangeweza kutofautisha R na L hata ungemshikia panga. Karakana yake ilikuwa uzio wa mabati kando ya barabara, na mimi nilikuwa napita hapo na birika nauzia mafundi chai. Nilikuwa na watoto wawili, na bwana wangu alikuwa na kazi ya kutafuta kazi, na alikuwa anaifanya kwa bidii.

Siku moja chai ilimwagika kwa benchi. Nikaingiza kidole nikachora kuku. Fundi akainama akaangalia.

"Rebeka, hii umeshora ni nini?"

"Kuku."

"Kama nimeuriza," akasema, "bado si kuku."

Akafuta na mkono wa koti.

Mimi nilirudi nyumbani na hasira. Nikachora kuku kwa jivu, kwa udongo, kwa mlango. Watoto wangu wakawa wanauliza kama tumehamia kwa kuku. Baada ya muda nikarudi kwa Fundi, ilikuwa Januari kama sasa, nikamwambia, "Fundi, nipe brashi, niache hii birika." Mafundi wakacheka. Fundi hakucheka, hakuwa na hiyo tabia.

Sasa Januari kwa Fundi ilikuwa na desturi. Tulikuwa tunaiita kufungua mkono. Hakuna mkebe wa rangi unafunguliwa mwaka mpya kabla mkono haujafunguliwa. Kila fundi anachukua makaa, anachora kwa mabati ya nje, upande wa barabara, mahali kila mtu anapita. Huandiki chini ni nini. Husemi. Unakaa ndani unasikiliza. Jioni unaosha na maji, kesho unachora tena. Watu wa mtaa walikuwa wanaijua hiyo Januari yetu, wengine walikuwa wanazunguka makusudi wapitie hapo wacheke kabla ya kazi.

Fundi akaniambia, "Wewe utafungua mkono mwaka muzima. Ng'ombe peke yake. Si kuku, si mutu, si maua. Ng'ombe. Siku mutu atapita aseme ng'ombe bira kuambiwa, nitakupa brashi. Krismasi ikifika hakuna mutu amesema, unarudi kwa birika yako, na usinisumbue tena mpaka tukufe."

Mafundi walikuwa wanasikia, kwa hivyo hakungekuwa na kurudi nyuma. Ama nipate brashi, ama nizeeke na birika.

Sasa sikilizeni hii, Brayo, weka simu chini. Mimi nilikuwa na bahati moja: maziwa ya chai yangu yalikuwa yanatoka kwa Mama Salina, jirani. Kila asubuhi lazima niende kwake, nitake nisitake, kama sina maziwa sina chai. Na Mama Salina alikuwa na ng'ombe mmoja, mweusi na mweupe, anaitwa Karembo. Alikuwa na doa jeusi juu ya jicho moja, kama kofia imeteleza, na sikio la kushoto lilikuwa limeng'atwa na mbwa.

Mama Salina akikamua, Karembo anasimama. Ng'ombe hasimami vile mahali pengine popote. Basi nikasema, hapa ndipo nitachora. Nikawa nachora kwa mlango wa boma, na makaa, wakati maziwa yanatoka. Yakiisha, nimeisha. Mama Salina hakunijali, alikuwa anaongea na ng'ombe wake kuliko na watu, na kila B kwake ilikuwa P: "Karempo, simama. Karempo, mama, usinipike teke. Wewe Repeka, kama unatoroka kazi yako si unisaitie kupepa ntoo?"

Ninyi mnacheka, lakini Mama Salina ndiye alinifundisha mambo ya malengo, na hakuwa anajua. Kwa sababu ng'ombe hakamuliwi ukijisikia. Mvua ya Julai ikinyesha, ile ya mawe, anakamuliwa. Umeamka vibaya, anakamuliwa. Umekosana na bwana, anakamuliwa, na siku hiyo anatoa maziwa mengi. Kuchora kwangu nilikufunga kwa kamba ya ng'ombe. Ukifunga mchoro wako kwa moyo wako, umekwisha, kwa sababu moyo unapenda kulala. Funga kwa kitu hakikungoji.

Brayo, wewe kila siku unashika masikio ya watu. Umeshika masikio mengi kuliko daktari. Umewahi kuchora hata moja? Chukua sabuni, mteja akingoja zamu, chora sikio lake kwa kioo. Sikio tu. Akikaa kwa kiti, futa. Usinipostie.

Nimetoroka hadithi. Ndiyo, Karembo.

Kitu cha kwanza nilijua ni kwamba nilikuwa naanza mahali pabaya. Nilikuwa naanza na jicho, kila mtu anaanza na jicho, kwa sababu jicho linakuangalia. Unapamba jicho, unapamba pua, halafu unakuta ukuta umeisha na ng'ombe bado hajapata matako. Anza na mgongo. Mstari mmoja, kutoka shingo mpaka mkia, usiinue mkono. Mgongo ukikubali, hizo zingine zitatafuta mahali pa kukaa.

Cha pili, miguu ya nyuma. Mtu asikudanganye anajua miguu ya nyuma ya ng'ombe. Unafikiri inakunjika kama yako, kumbe inakunjika kama imesahau kitu nyumbani. Hiyo miguu ilinichukua kutoka mvua kuanza mpaka mahindi kukauka shambani. Kwa mabati ya Fundi mimi nilikuwa naitwa meza. Nilikuwa naitwa fisi. Pasta mmoja alipita akavua kofia, akasema, "Huyu anayepiga magoti ni nani?" Mafundi walicheka hiyo wiki nzima.

Na makaa, hiyo ni ya tatu, ama ya nne, sihesabu. Kaa la mti wa muwati ni gumu, linakwaruza ukuta na halisemi kitu. Tafuta kijiti chembamba kimeungulia ndani ya jivu, kile kinavunjika ukikiangalia vibaya. Hicho kinateleza. Na usibonyeze. Kijana akiwa na hasira anabonyeza, mchoro unajaa hasira, ng'ombe anaonekana amefukuzwa kazi.

Basi ikafika Novemba. Watu walikuwa wameanza kusema "mbuzi mkubwa". Nilikuwa nimekaribia lakini mbuzi mkubwa si ng'ombe, na Krismasi ilikuwa inakuja. Birika yangu nilikuwa nimeanza kuiangalia kama mtu anaangalia nyumba ya jela.

Hapo ndipo Mzee Kirwa akafungua bucha. Huyu alikuwa mzee mnene, mpole, anaongea akiangalia viatu vyako. Alitaka ukuta mzima uchorwe kabla ya Krismasi, ng'ombe mkubwa, na herufi juu. Fundi akaandika herufi zake: nyama safi. Halafu akanigeukia, akanipa mkebe na ile brashi mbaya, ya kuazima.

"Hapo ndio tutajua," akasema. "Shora, tukae kwa kibanda ya maziwa ngambo ya barabara, tusikie."

Nikachora. Nikaanza na mgongo. Mkono ulienda peke yake, sijawahi kuona kitu kama hicho, ulikuwa kama mtu anaenda kwake. Nikapaka nyeusi, nikapaka nyeupe. Nikamaliza, nikavuka barabara, nikaketi kando ya Fundi. Fundi akaagiza maziwa lala, akanywa kama hakuna kitu.

Mtu wa kwanza alikuwa mwanamume na baiskeli imebeba kabichi. Akafika kwa bucha, akaangalia ukuta. Akafunga breki kabichi ikaanguka. Mimi nikashika benchi. Sema, nikaomba kwa roho. Sema ng'ombe.

Akasema, "Ai! Kwani Mama Salina ameuza Karembo?"

Nikaangalia Fundi. Fundi akaangalia maziwa yake.

Wakaja wanawake wawili kutoka kanisani. Wakasimama. Mmoja akashika mdomo. "Woi, Karembo! Na vile alikuwa na maziwa!" Mwingine akasema, "Jana tu nimemwona. Maisha ni nini." Wakaenda wakitingisha vichwa.

Akaja mzee na fimbo. Akaangalia lile sikio limeng'atwa, akaangalia doa la jicho, akaingia bucha moja kwa moja akamwambia Mzee Kirwa, "Wewe, huyu alikuwa bado anakamuliwa. Angalia chuchu zimejaa. Nani anachinja ng'ombe wa maziwa? Unatafuta laana?" Akatoka bila kununua hata mfupa.

Hapo ndipo nikaona vile nimefanya. Mwaka mzima nilimwona Karembo wakati wa kukamuliwa tu. Kwa mkono wangu ng'ombe ni Karembo, na Karembo ana maziwa. Nimemchora mzima mzima, kiwele kimejaa, juu ya bucha. Na sisi watu wa hapa, mnatujua. Mtu anaweza kusahau jina la shemeji yake, lakini ng'ombe wa jirani anamjua hata kwa giza.

Lakini si hiyo iliniuma. Iliyoniuma ni kwamba hakuna mtu alikuwa amesema "ng'ombe". Hata mmoja. Wote walikuwa wanasema Karembo, Karembo. Nilikuwa nawaza, hii birika nitazikwa nayo.

Habari haina haja ya gari. Mchana huohuo watu wa maziwa wa Mama Salina wakaanza kumpitia na pole. "Pole, Mama Salina, tumesikia." "Umesikia nini?" "Ya Karembo." Wengine walikuwa tayari wamepanga kununua maziwa kwa mtu mwingine. Na yeye wakati huo alikuwa amesimama kando ya Karembo, na Karembo anakula.

Mama Salina hakubishana na mtu. Alifungua kamba, akashika Karembo, akamleta mjini kwa miguu.

Tuliwaona wakitoka kwa kona, yeye mbele na kitambaa chake cha kanisa, ng'ombe nyuma. Watu wakawafuata kama arusi. Wakafika kwa bucha. Mama Salina akasimamisha Karembo mbele ya ukuta, kichwa kikaangalia kichwa, mkia ukaangalia mkia, akaita:

"Repeka! Toka huko kwa maziwa, nimekuona! Ngompe yangu inafanya nini kwa pucha?"

Watu wakaangalia Karembo wa ukuta, wakaangalia Karembo wa miguu, wakarudi kwa ukuta. Karembo naye akaangalia ukuta, akafikiria kidogo, akanyea.

Mzee Kirwa akatoka, akaongea na viatu vya Mama Salina: "Mama, mimi sijachinja mtu. Mimi nachinja madume kutoka Ainabkoi. Huyu wa ukuta aliletwa na mafundi." Akageukia viatu vyangu. "Wewe msichana, ondoa huyu mama kwa ukuta. Weka dume."

"Na usiweke dume ambalo tunalijua!" mtu akapiga kelele huko nyuma.

Nilianza kukusanya mikebe. Nikamwambia Fundi, "Haya, nimesikia. Hakuna mtu amesema. Kesho nitakuletea chai." Sikulia. Nilikuwa nimepanga kulia nyumbani.

Fundi Mwaura akamaliza maziwa yake. Akapangusa mdomo na mkono wa koti, ule uliofuta kuku wangu. Akasema, polepole, "Rebeka. Mimi niriambia mutu aseme ng'ombe. Ng'ombe ni ya mutu anaanza. Hawa wamesema jina, harafu mwenyewe amekuja na miguu kuchukua yake." Akanipa brashi. "Hii ni yako. Sasa enda uweke dume, kabura huyu muzee aongee na viatu vyangu."

Ilikuwa ile brashi mbaya. Nimekuwa nayo mpaka leo, ina nywele chache kama Fundi mwenyewe siku za mwisho.

Dume nililoweka halikuwa la mtu. Nilichukua mgongo wa huku, shingo ya kule, nikahakikisha hakuna mtu anaweza kulililia. Hiyo ikawa sheria yangu maisha yote: kitu cha kuliwa, chora kisichojulikana. Mama Salina hata hivyo alipita akalikagua. Akasema, "Macho ni ya Karempo, amefaa pempe tu." Nikabadilisha macho. Karembo mwenyewe nikamhamisha ng'ambo ya barabara, kwa kibanda cha maziwa, hapo kiwele chake kilikuwa mahali pake. Mama Salina akawa anapeleka maziwa hapo, na alikuwa anawaambia wateja, "Yametoka kwa huyo," anaonyesha ukuta.

Baada ya hapo nikawa kila Januari nachagua kitu kimoja. Hiyo ndiyo nataka muandike, kama mnaandika. Kitu kimoja, mwaka mzima. Nilikuwa na mwaka wa masikio. Nilikuwa na mwaka wa kwato, watu walidhani nimepoteza sarafu. Nilikuwa na mwaka wa watu wameketi, kwa sababu vichwa vya kinyozi nilikuwa navichora kama malenge, na kinyozi mmoja aliniambia, "Mama, wateja wanaingia wanauliza kama tunauza." Nilikwenda kuketi kwa wagonjwa wanaongoja daktari, hapo watu hawatingishiki. Mwaka ukiisha huna kila kitu. Una kitu kimoja ambacho hakuna mtu atakunyang'anya.

Na osheni. Chora, sikiliza, osha. Fundi hakuturuhusu kuacha mchoro ulale, mbaya ama mzuri. Mzuri ukilala kwa ukuta, kesho unakuja kuusalimia badala ya kuchora.

Na usiulize mtu, "Ni nzuri?" Ukimwuliza atakwambia ni nzuri, ili aende nyumbani. Weka mahali watu wanapita, nyamaza, usikie wakijiongelesha.

Chela, lete hicho kitabu chako. Lete, usiniangalie hivyo. Kifungue. Ukurasa wa kwanza.

Haya. Hicho ni kidole changu na makaa. Nimeharibu. Sasa hakuna kitu umebaki ukiogopa, endelea na ya pili. Wewe huwa unakoroga chai ya nyumba hii kila asubuhi, na chai haingoji. Kabla ichemke, chora sufuria. Ikifurika umechora sana.

Mimi sasa ng'ombe ninaye anaitwa Korona, alizaliwa wakati ule. Hana adabu. Mkono wangu hauwezi kumkamua, mama yake Chela ndiye anamkamua, na mimi ninaketi hapo ninamwangalia mpaka chai yangu inapoa. Halafu ninatembea na fimbo mpaka kwa geti kabla nisahau mgongo wake. Mkono wa kulia unashika kijiti, wa kushoto unashika wa kulia. Mgongo unatoka umetetemeka, kama ng'ombe amesimama juu ya posho mill. Jioni ninaosha.

Mbwa. Punda. Kiti. Juzi mtu alisema "ramani", nikakubali kwa sababu sikuwa na nguvu.

Leo asubuhi, kabla hamjafika, nilikuwa nimemaliza kuchora na nimeketi. Nikasikia pikipiki inapunguza mwendo. Ni daktari wa mifugo, yule kijana mrefu anazunguka Kiplombe na sanduku lake. Hakujua niko hapo. Akazima pikipiki. Akavua helmeti. Akaangalia geti kwa muda mrefu, akafika karibu, akainama upande wa nyuma. Nikasikia anasema peke yake, na sauti ya kazi:

"Huyu ng'ombe anaumwa miguu ya nyuma."

Nikashika fimbo yangu. Halafu nikafungua geti, akashtuka, akasema, "Pole Kogo, nilikuwa naangalia tu."

Nikamwambia, "Daktari, umeona vizuri. Rudi Desemba umpime tena."